Zahanati Inayongoja Mgeni

Ngara,
Jumapili, baada ya misa.

Kaka yangu Yohanes,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Biharamulo, na kwamba kile kifua kimetulia tangu uhame chumba cha jirani na mashine ya mbao. Sisi huku tunapumua. Mvua imetuozeshea maharage shambani, ila migomba inaendelea vizuri na ng'ombe wa Baba amezaa. Mkeo Irine anakusalimu sana. Mwanao ananyonya mpaka anasinzia na ziwa mdomoni.

Nilipokupigia nilikuambia mkeo amejifungua salama na Baba ana kesi. Ukauliza kesi gani, nikakata simu. Usinikasirikie. Mtandao wa huku unashika pale kilimani tu, nyuma ya nyumba ya mtendaji, na mambo haya si ya kupigia kelele nyuma ya nyumba ya mtendaji. Ndiyo maana nimemwomba Shaban, yule mfanyabiashara wa Kabanga anayeleta vitenge huko kwenu, akufikishie barua hii mkononi.

Nianze na zahanati yetu. Uliondoka umeshabeba mawe ya msingi hadi mabega yakachubuka, kwa hiyo una haki ya kujua ilikofikia. Ilikwisha mwaka jana. Bati lipo, umeme wa jua upo, vitanda vipo ndani ya nailoni zake, dawa zililetwa kwa gari. Muuguzi naye tuliletewa, binti anaitwa Happyness, amepanga chumba jirani na kwetu. Lakini mlango una kufuli, maana lazima kwanza aje mgeni rasmi. Mara atakuja baada ya Pasaka, mara baada ya bajeti, mara amepata safari. Happyness akaambiwa mpaka siku hiyo asifunge hata kidonda. Yaani muuguzi tunaye, dawa tunazo, wagonjwa ndio sisi, kinachokosekana ni mkasi wa kukatia utepe!

Na nisiseme uongo, kosa ni letu pia. Fabiani, mtendaji wetu, aliitisha mkutano akauliza tuanze kutibiwa kimyakimya au tumsubiri mgeni. Watu wakasema mgeni akija tutamwomba gari la wagonjwa na barabara, na huwezi kumwomba mtu ambaye hukumpokea. Tukanyoosha mikono. Wangu ulikuwa juu kabisa. Baba akachaguliwa kuwa mlinzi, na wewe unamjua mzee Anatoli akipewa kazi. Alivaa lile koti lake la kanisani kila siku. Alifukuza mbuzi, alifukuza mpaka akina mama wenye watoto mgongoni waliojikinga mvua barazani, ati watachafua sakafu ya mgeni.

Sasa siku yenyewe. Irine alishikwa na uchungu asubuhi, uso na miguu imevimba, analia kwamba kichwa kinapasuka na macho hayaoni vizuri. Happyness alipomtazama tu akasema hiki ni kifafa cha mimba kinakuja, apelekwe hospitali mara moja. Kwa gari gani? Maji yalikuwa yameshakata barabara pale bondeni, hata pikipiki hazipiti. Tukawaita wa zamu wa chama cha machela, wale wanaobeba wagonjwa mabegani, wakamlaza tukaanza kupanda. Njia yenyewe unaijua, inapita mbele ya zahanati.

Tulipofika pale Irine akakakamaa. Meno yakabana, povu likatoka, akawa anatikisika mpaka wabebaji wakashindwa kushika miti. Wakamweka chini. Kifafa kilipomwachia, Happyness akasema hospitalini hatutamfikisha, na kwamba sindano ya kumwokoa imo mle ndani kwenye kabati la pili. Aliipanga kwa mikono yake mwenyewe. Fabiani alikuwa mjini na ufunguo, na simu yake haipatikani. Tukamgeukia Baba. Alisimama mlangoni na koti lake, akasema ufunguo hana ila amri anayo, tusipoteze muda, tumkimbize hospitali. Happyness akapiga magoti kwenye matope kumsihi. Baba alitazama pembeni. Nikaona wabebaji wanainama kuinua machela tena.

Kufuli likavunjwa. Happyness akamchoma ile sindano, na jioni hiyo mwanao akazaliwa juu ya nailoni, maana hakuna aliyekumbuka kuitoa kitandani. Nilipomsikia analia nilikaa sakafuni nikalia kuliko yeye.

Ungedhani watu watafurahi. Fabiani alirudi kesho yake, hakuuliza mzazi yuko hai au vipi. Aliuliza kufuli. Akaitisha mkutano, akasema mgeni rasmi hawezi kuja kufungua jengo lililokwisha kufunguliwa na wahuni, ataombwa upya na tutangoja upya. Akamtaka mhalifu. Baba akasimama, akasema ni yeye. Wamemvua ulinzi, na Alhamisi anakwenda kwenye baraza la kata kujibu. Happyness amepewa onyo, kosa lake ni kumtibu mgonjwa. Jana tu amepitishwa mtoto wa malaria mbele ya mlango uleule, mama yake akiutazama. Hasira niliyonayo, kaka, hata ugali haupiti.

Sasa nisikilize. Baba hakuvunja kufuli. Nilivunja mimi, kwa jembe nililolikuta barazani. Aliponishika mkono nilimsukuma, akaanguka chali kwenye matope na koti lake, baba yangu mzazi, na nikamruka. Wabebaji wote waliona. Mkutanoni wote walinyamaza, na mimi nilinyamaza.

Nilimfuata nyumbani nikamwambia Alhamisi nitasema ukweli. Alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuinua macho.

“Deodata, niachie,” akasema. “Niliyepaswa kuvunja ni mimi, na nilisimama. Niachie angalau niseme nilivunja.”

Tangu hapo anakwenda kumtazama mtoto kila asubuhi, anasimama mlangoni, haombi kumpakata. Nimeamua Alhamisi nitakwenda naye. Akisema ni yeye, nitasema tulikuwa wawili. Ukiweza kuomba ruhusa, njoo usimame nasi, maana mkeo angekuwa kaburini tukiwa na dawa kabatini.

Irine amekataa mtoto apewe jina mpaka ufike. Usitungojeshe kama yule mwingine. Nisalimie wote wa hapo kazini, na mama mwenye nyumba wako mwambie zile mbegu zake za mchicha zimeota.

Ukija niletee mpini wa jembe, wa mti mgumu. Ule wa zamani ulipasuka siku ile, na kufuli waliloweka sasa ni kubwa kuliko la kwanza.

Mdogo wako akupendaye,
Deodata