Mtu Anayejiita Kabange

Likasi, Jumapili baada ya misa

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, Mama wa Mapasa,

Nakusalimu kwanza wewe, kisha goti lako la kushoto ambalo najua linakusumbua kila mvua zinaponyesha, kisha shemeji na kikohozi chake. Je, ameacha tumbaku, au bado anasingizia vumbi la reli? Huku sisi tu wazima. Binti zako pacha, ulioniachia wasome huku, wanakula bukari kama wapakia mizigo. Sufuria ya zamani nimempa jirani, haitutoshi tena.

Najua kuna habari iliyofika Kabalo kabla ya barua hii, kwamba mapasa wako wamekamatwa kwa udanganyifu kwenye mpira wa kikapu. Aliyekuletea ni yule fundi wa treni, ambaye mdomo wake hauna breki. Ningekupigia simu, lakini wewe ungeanza kulia, mimi ningeanza kutukana, na laini ingekatika tukiwa hapo hapo. Kwa hiyo nakuandikia. Soma mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, maana na mimi nina kosa langu humo.

Unajua kwamba hapa shuleni mimi ni karani tu. Timu ya wasichana iliniangukia kwa sababu walimu wote walikuwa na udhuru. Juu ya timu zote kuna ligi ya jimbo, yenye ofisi Lubumbashi. Ligi hiyo ndiyo inayoongoza mchezo na kuuendeleza. Imeandikwa hivyo kwenye bango lao. Ina rais, makamu wa rais wanne, na mpira mmoja uliofungiwa kabatini usije ukachakaa. Walikuja kwetu "kukagua miundombinu". Miundombinu yetu ni sakafu yenye nyufa na nguzo mbili ambazo mzazi mmoja wa kiwandani alituchomelea kwa vyuma vya kuokota. Wakapiga picha chini ya nguzo, wakanywa soda, wakatutolea semina ya saa tatu juu ya maendeleo, wakaondoka bila kuuliza kwa nini pete moja imeinama. Debe tupu haliachi kuvuma, Yaya, na hili lina hata kipaza sauti.

Basi, ili mtoto acheze lazima awe na leseni ya ligi. Nilikuwa nimepeleka fomu za wasichana kumi na wawili, zikarudi leseni kumi na moja. Fomu ya Kabange ilirudi na mstari mwekundu na neno moja: "doublon", yaani mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Tarehe moja ya kuzaliwa, baba mmoja, mama mmoja, sura moja kwenye picha. Katika mji huu hata anayenyonya anajua kwamba Kyungu akitangulia, Kabange anamfuata, kwa sababu walilala tumbo moja. Hayo si majina ya kuchagua, mtu anazaliwa nayo. Lakini mheshimiwa katibu wa ligi hajapata kusikia habari ya mapasa.

Siku ile ya semina niliwachukua wote wawili, nikawasimamisha mbele ya meza yake, bega kwa bega.

"Papa, angalia. Beko babili," nikamwambia.

Hakuinua hata macho. "Mama, ligi inatumikaka na ma-dossier, makaratasi tu. Sura ya mutu haiko mu dossier."

"Sasa huyu wa kuume njo nani?"

"Ule? Ule njo doublon."

Kyungu alicheka mpaka akajifunika uso. Kabange hakucheka, na mimi sikuliona wakati ule.

Nikasema moyoni: vizuri. Kama ligi imeamua kwamba ni mtu mmoja, basi watacheza kama mtu mmoja. Nusu ya kwanza aliingia Kyungu, mapumzikoni wakabadilishana jezi nyuma ya ukuta wa choo, nusu ya pili akaingia Kabange. Leseni moja, namba moja, nywele zimesukwa namna moja. Kyungu anajua kukaba, hapiti mtu. Kabange anajua kufunga. Wasichana wa Kakanda walisema hawajaona mchezaji asiyechoka namna ile. Nilicheka wiki nzima, Yaya. Nilijiona mjanja sana, na hilo ndilo kosa langu.

Kisha watu wa ligi wakarudi kuchagua msichana mmoja wa Likasi kwa kambi ya vijana ya jimbo. Wakamchagua Kyungu. Makamu wa rais mmoja, sijui wa ngapi, alinishika mkono kwa nguvu. "Ule mutoto, mama! Anachungaka muzuri, na kisha anafunga! Batu ba vile, ni moya tu mu jimbo muzima!" Maskini, wa namna ile hayupo hata mmoja.

Furaha yetu iliishia mlangoni. Desturi unaijua kuliko mimi, wewe uliyewalea: ukimpa pasa mmoja kitambaa, wa pili naye apate chake, na anayempa mmoja akamnyima mwenzake anatafuta ugonjwa nyumbani. Kyungu alikataa kufungasha nguo. "Minye sitaenda," akasema. "Vikapu byote ni bya Kabange." Naye Kabange akamjibu, "Leseni ni ya weye," akaenda kuosha vyombo.

Ndipo nikafanya la mtu mzima. Nikaandikia ligi barua, nikaungama yote, nikaambatanisha vyeti viwili vya kuzaliwa ulivyonitumia, nikaomba kila mtoto apate leseni yake, hata kama nafasi ya kambi wangempa mwingine. Jibu lilikuja upesi kuliko kitu chochote walichowahi kufanya. Kyungu ameondolewa kambini, timu imesimamishwa msimu mzima, mimi sitakiwi kuonekana uwanjani. Kosa letu, na hapa nanakili neno kwa neno maana hutaniamini, ni kumchezesha "mtu asiyejulikana anayejiita Kabange". Hebu fikiri. Nilipotaka acheze, hayupo, ni Kyungu. Ilipofika adhabu, ghafla yupo, ila hana jina. Nawadharau, Yaya, nawadharau mpaka mate yananikauka. Leo kwenye misa nilijaribu kuwasamehe, nikashindwa kabla ya mahubiri.

Adhabu yangu naibeba, niliitafuta mwenyewe. Linaloniuma ni kwamba karatasi ile niliiacha ovyo, na Kabange akaisoma. Siku ya pili nilimwita tutwange majani ya sombe. Nikaita mara mbili, mara tatu, na kumbe amekaa pale pale kizingitini.

"Kabange, husikii?"

"Mama mudogo, Kabange njo nani? Banasema anajiita tu."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Tangu hapo haitiki. Darasani mwalimu akisoma majina, yeye ananyamaza, na Kyungu ndiye anayejibu kwa ajili yake. Nimembembeleza, nimefoka, nimelia mbele yake. Anatii kila ninalomtuma, ila nisimtaje jina.

Nisalimie shangazi anayeuza samaki stesheni, mwambie vitenge vinakuja. Nisalimie babu katekista, auombee ulimi wangu. Msalimie na kaka mkubwa, fundi cherehani, na wake zake wote wawili kwa usawa. Yule fundi wa treni, usimsalimie.

Na jibu lako, Yaya, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye. Ligi haikuwapo siku ile. Wewe ndiwe uliyedhani umemaliza kuzaa, ukasikia tumbo bado. Mweleze alivyokuja. Na juu ya bahasha andika jina lake peke yake, kwa herufi kubwa. Sitaifungua, na Kyungu nitamkataza. Itamngoja mpaka aseme ni yake.

Mdogo wako,
Numbi