Inakausha au Inakamua?

Mikumi,
12 Februari 2024

Kwa shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limetulia. Mimi niko salama, ila kichwa kinawaka kwa mawazo. Na kwa kuwa umenikataza kuzungumza mambo makubwa kwenye simu, eti inakata maneno, haya, naandika.

Unamkumbuka Mama Tumwagile, mwenye nyumba ya wageni niliyokuwa nafanya usafi? Ana vyumba kumi na viwili, na kila masika mashuka yake hayakauki, yananuka uvundo. Wageni wanaokwenda mbugani wanalalamika. Basi kaniambia: "Loveth, mwezi wa nne nakupa siku tatu za majaribio. Mashuka ishirini na manne kila siku. Unachukua saa nne asubuhi, unarudisha kabla ya saa kumi na moja jioni, makavu. Ukiweza, kazi ni yako mwaka mzima. Ukishindwa, nampa mtu wa Morogoro." Nimekubali hapo hapo, shangazi. Nimechoka kudeki vyumba vya watu.

Chumba nimepata nyuma ya duka la dawa. Hatua tatu kwa mbili, ukiinama kuokota kitu unagonga ukuta. Ndiyo maana nimefurahi kusikia kuna muuzaji ana mashine moja tu inayofua na kukausha. Ina matundu mawili kwa juu. Nimemwambia anishikie mpaka wiki ijayo. Unasemaje?

Mwanao,
Loveth

Magomeni, Kilosa,
17 Februari 2024

Mwanangu Loveth,

Marahaba. Mimi mzima, goti ndilo linalojifanya zee. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Kwanza nikusifu. Mtoto wewe una roho! Huna hata beseni, unakubali mashuka ishirini na manne! Ningekuwa mimi ningeomba nikafikirie, na kazi ingekwenda kwa mwingine.

Sasa hayo matundu mawili. Simama hapo hapo! Muulize huyo bwana swali moja tu: inakausha au inakamua? Maana huku kwetu kukamua tumekubatiza jina la kukausha. Mwalimu Magreti hapa jirani alinunua ya matundu mawili, akaambiwa inakausha. Akatoa nguo kwenye tundu la pili, akazikunja, akazitia kabatini. Jumapili akaja kanisani na gauni lenye ukungu mgongoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi nimekamua nguo za watu miaka thelathini na moja, na hakuna hata moja iliyokauka mikononi mwangu. Zilikauka juani.

Ukishauliza, niandikie.

Shangazi yako,
Bibiana

Mikumi,
26 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mko wazima? Huku mvua imeanza kuchungulia.

Nimekwenda Morogoro mwenyewe, kwa yule muuzaji. Nikauliza kama ulivyoniagiza. Muuzaji akacheka, akasema, "Dada, si ni kitu kile kile? Ikishakamua unaianika kidogo." Unaianika kidogo! Masika hii, kwenye chumba changu, niianike wapi? Ningeinunua, shangazi, haki ya Mungu ningeinunua, na siku ya kwanza ningempelekea Mama Tumwagile mashuka mabichi.

Nikaingia duka la pili. Huko kuna dada mmoja mwenye subira, akanionyesha vitu viwili. Kuna mashine moja inayokausha kwelikweli, kwa joto. Unaweka nguo chafu, unatoa kavu, hugusi kitu katikati. Inafua kilo kumi, ila inakausha kilo sita. Kufua mpaka kukausha ni kama saa tano. Halafu kuna mbili mbalimbali, ya kufulia chini, ya kukaushia inapandishwa juu yake kwa vyuma maalumu, kwa hiyo nafasi ni ile ile ya mashine moja. Hiyo ya juu haihitaji kutoboa ukuta. Maji ya mvuke yanaingia kwenye droo, unayamwaga. Inabeba kilo nane.

Mimi moyo umeangukia ile moja. Nzuri, inang'aa, mlango wake kama dirisha la meli. Na kilo kumi si nyingi kuliko nane? Niambie, kabla sijajichanganya.

Mwanao,
Loveth

Magomeni, Kilosa,
4 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimeazima mizani kwa Yassin muuza mchele. Kaniuliza napima nini, nikamwambia shuka, akaniangalia kama nimepata homa. Shuka la kitanda cha tano kwa sita, kavu, ni gramu mia nane. Sasa hesabu. Ile moja inafua mashuka kumi na mawili, sawa, lakini inakausha saba tu. Hayo matano mengine utayafanya nini, utayavaa?

Halafu saa. Ukiiwasha saa nne inakupa mashuka saba saa tisa. Umebakiza kumi na saba na saa mbili. Mwanangu, hapo hata ukilia haisaidii.

Nikufundishe kitu ambacho hakiko dukani. Nilipokuwa nafua na wifi yangu, yaani mama yako, Mungu amrehemu, mimi nilishika beseni, yeye kamba. Yeye akianika, mimi niko kwenye furushi la pili. Tulimaliza nguo za familia nne kabla ya adhuhuri. Alipofariki nikabaki peke yangu, nikifua sianiki, nikianika sifui. Familia mbili zikanishinda. Hiyo mashine yako ya kung'aa ni mimi baada ya msiba. Zile mbili ni mimi na mama yako.

Siitukani. Ningekuwa na nguo zangu tu, mtu mmoja, chumba kimoja, ningeichukua na kuivisha kitambaa. Kwa kazi yako, chukua mbili. Gawa mashuka manane manane, mara tatu. Haya yakikauka, yale yanafuliwa.

Mpaka majaribio yaishe usiniandikie. Fanya kazi.

Shangazi yako,
Bibiana

Mikumi,
20 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Natumaini u mzima, maana nataka usome ukiwa na nguvu.

Nilichukua mbili, nusu kwa akiba yangu, nusu kwa mkopo. Siku ya kwanza nilimaliza saa kumi na robo. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu, mvua ya usiku ilitia matope kwenye bomba, na baada ya mzunguko wa pili mashine ya chini ikakoroma, ikazima. Mashuka manane machafu, saa saba mchana. Nikataka kukaa chini nilie. Halafu nikaona ya juu inazunguka tu, haina habari. Ingekuwa ile moja, shangazi, kila kitu kingelala nayo.

Nikachota maji kisimani kwa jirani. Nikafua manane kwa mkono, kama ulivyonifundisha, mapindo kwanza, kisha katikati. Nikazungusha kila shuka kwenye nguzo, nikapitisha kijiti, nikakamua mpaka vidole vikafa ganzi. Nikayatia juu. Mama Tumwagile alikuja mwenyewe saa kumi na moja kasoro, akanusa shuka la mwisho, bado la moto. Akasema, "Nani kakufundisha kazi?"

Kazi nimepata. Akatoa mkataba, akauliza jina la biashara. Sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nikaandika Dobi Bibiana, na leo kibao kimewekwa mlangoni.

Lakini lazima nikwambie jambo. Nikiwa darasa la sita nilimwambia mwalimu wetu kwamba wewe ni nesi wa hospitali. Wenzangu walikuwa wanakucheka vidole vilivyochubuka kwa sabuni, na mimi nikakukana. Kila nikikumbuka naumia. Nisamehe, shangazi.

Mwanao,
Loveth

Magomeni, Kilosa,
24 Aprili 2024

Mwanangu Loveth,

Marahaba, marahaba.

Nilijua. Wiki ile ile mwalimu wako alinisimamisha sokoni, akaniuliza niko wodi gani. Nikamwambia ya watoto. Ungetaka niseme nini, nikuaibishe? Mpaka alipohamishwa alikuwa ananiita Sista, na akija na mtoto ana mafua namwambia awahi hospitali, asisubiri. Nguo zake alikuwa akizileta dada wake wa kazi, mwalimu hakujua anayezifua ni nani. Sikukukasirikia. Ulikuwa mtoto, ulitaka tuonekane watu.

Hilo la kibao ndilo limenishinda. Nimelia, sikufichi. Mwalimu Magreti kanikuta, nikampa asome mwenyewe. Jina langu halijawahi kuandikwa popote zaidi ya cheti cha ubatizo na kadi ya kliniki.

Lakini umefanya kosa moja. Wateja watauliza Bibiana ni yupi, utawaonyesha nani? Nakuja Jumamosi. Kamba na beseni nimempa jirani. Mwambie Mama Tumwagile dobi mwenyewe anakuja kazini.

Shangazi yako,
Bibiana, dobi