Mjomba Hemedy Asirudi Kabla ya Kumaliza Dawa

Mtunda,
Kibiti, Pwani.
9 Februari 2025

Mpendwa Mama Mkubwa Muzdalifa,

Kabla ya salamu naomba niseme jambo moja, maana nikitanguliza salamu nitaingiwa na woga na barua itaishia hapo. Ugonjwa wa Mjomba Hemedy, huu tunaouita uvimbe wa kichwa, una nusu nyingine ambayo hapa nyumbani hakuna anayeijua. Mjomba ana virusi vya UKIMWI. Anavyo tangu kabla mkewe, marehemu Zuena, hajafariki. Mama hajui, Baba hajui, Bibi hajui. Mimi ninajua kwa sababu ndimi ninayemuuguza hospitali, na sijamwambia mtu mwingine ila wewe sasa hivi.

Sasa nakusalimu inavyopasa. Assalaam alaykum, na shikamoo Mama Mkubwa. Hamjambo huko Ujiji? Magoti yako yanaendeleaje, na Baba Mkubwa kifua kimemwachia? Sisi tunaamka, tunamshukuru Mungu. Bibi anakula kidogo kidogo. Matokeo ya kidato cha nne yametoka, nimepata daraja la tatu. Mama alisema alhamdulillahi, kisha akarudi kwenye simu kuulizia hali ya Mjomba. Sikuona vibaya, hata mimi niliyemwacha wodini juzi tu nilitaka kujua.

Ningekupigia, lakini simu ya hapa huwekwa spika watu wote wasikie, na yako najua hushikwa na wajukuu. Ndiyo maana nimeandika. Barua nimempa Mwalimu Urbano aliyenifundisha Baiolojia. Anaondoka kesho alfajiri kwenda kwao Kasulu, na ameahidi atapitiliza mpaka Ujiji akukabidhi mkononi. Hajui kilichomo.

Habari za kuanguka kwa Mjomba sokoni ulizipata, lakini naona hukuambiwa ilivyoanza. Ilianza kwenye msiba wa Mzee Shaabani, mwezi wa tisa. Unakumbuka marehemu alikuwa akiburuta mguu wa kushoto tangu alipoanguka mnazi, na unajua Mjomba alikuwa mtani wake. Alikuja kutoka Nyamisati siku ile ile, akaacha matenga yake ya kaa kwa watu. Tuliporudi makaburini watu wakamwona anakatiza uani anaburuta mguu wa kushoto vile vile kama marehemu, kandambili imebaki nyuma na yeye anaendelea. Watu walicheka, Mama Mkubwa. Mjane mwenyewe alijifunika khanga usoni, mabega yanatikisika, akasema, "Mtani mshenzi huyu, kanirudishia mume wangu." Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya hitima bado alikuwa anauburuta. Baba akamwambia, "Shemeji, mwenye mguu keshazikwa nao, mwachie." Mjomba naye alicheka, ila nilimwona anautazama mguu wake kama mtu anayetazama mzigo asioujua ni wa nani.

Baada ya hapo kila alichokosea kilikuwa utani. Alimimina chai pembeni ya kikombe, watu wakacheka. Aliniita Zuena mbele ya wageni, wakacheka, wakasema sasa anataka kuoa kwa dada yake. Yalikwenda hivyo mpaka mwezi wa kumi na moja. Nimelifikiria sana jambo hili. Angekuwa mtu mwingine yeyote wangemshika mkono siku ile ya kwanza wakampeleka hospitali. Lakini mtani akikosea watu hucheka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, walimpenda.

Kisha ndipo akaanguka sokoni Kibiti, akakakamaa, povu likamtoka mdomoni, wakamkimbiza hospitali, na kutoka hapo gari la wagonjwa likampeleka Dar. Mama alinichagua mimi nikakae naye. Alisema sina shule, sina mume, sina kazi, na Mjomba hana mke wala mtoto. Nikafikia Mbagala kwa binamu yake Mama, na kila siku nilikuwa wodini mpaka jioni wanapotutoa.

Mwanzo madaktari walidhani ni vijidudu vinavyoingia ubongoni kinga ya mtu ikishuka. Wakamtibu hivyo wiki mbili, hakuna kilichobadilika. Wakamchoma sindano ya mgongo, wakachukua maji, wakampiga picha ya kichwa mara ya pili. Ndipo daktari, mama mmoja mpole, akasema ni limfoma, saratani ya chembe za damu zinazotulinda, na imekaa ndani ya ubongo. Alimuuliza Mjomba nani wa kuelezwa. Mjomba akaninyooshea kidole, akasema, "Huyu. Ndiye anayenilisha, naye ajue analisha nini."

Kumbe alikuwa akitumia vidonge vya kufubaza virusi miaka yote hiyo. Alikuwa akivifuata kliniki ya mbali, Dar, asije akakutana na mtu wa Kibiti kwenye foleni. Mafuriko ya mwaka jana yalipokata njia akakosa vya mwezi mmoja, akakosa vya mwezi wa pili. Akajiona mzima, akaviacha.

Nitakueleza alivyonieleza daktari, kwa sababu ombi langu limesimama hapo. Alisema saratani hii huwapata watu ambao kinga yao imelala. Ukiuchoma uvimbe kwa mionzi peke yake unasinyaa, halafu unarudi, kwa kuwa mlinzi bado amelala. Ukimpa mgonjwa vidonge vya virusi peke yake, kinga inaamka polepole na uvimbe haungoji. Kwa hiyo wanaziunganisha. Dripu kali ya saratani kila baada ya wiki mbili, vidonge kila siku bila kuruka, na mionzi imewekwa akiba endapo dripu zitashindwa. Nilimuuliza kama Mjomba atapona. Akasema hawezi kuniahidi. Zamani wagonjwa wa namna hii waliondoka ndani ya miezi michache, na sasa wapo wanaoishi miaka, lakini wengi wao ni wale waliokwenda na dawa zote pamoja mpaka mwisho. Alirudia neno pamoja. Niliitikia kwa kichwa tu. Unanijua, sijui kuongea na wakubwa.

Siku za dripu lazima anywe maji mengi na mkojo wake upimwe, dawa isije ikamharibu figo. Manesi ni wachache, kwa hiyo kopo nilishika mimi. Mara ya kwanza niliona haya mpaka nikageukia ukutani, mjomba wangu yule. Akaniambia, "Yasmin, tazama kopo, ukuta haukojoi." Nikacheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Tangu siku hiyo sikugeuka tena.

Vidonge ndivyo vilivyokuwa kazi. Nesi wetu, Sista Wilhelmina, alikuwa akivileta jioni, saa ya kuona wagonjwa. Mjomba akiona mtu wa kwetu mlangoni alikataa kumeza. Sista akakubali kuvileta wageni wakishaondoka. Siku moja nilimuuliza Mjomba kwa nini asimwambie hata Mama peke yake. Kwanza alinitania, akasema mama yangu akiambiwa jambo asubuhi, adhuhuri limefika Ngarambe. Kisha akasema, "Watasema nilimuua Zuena. Na mimi mwenyewe sijui kama siyo."

Mama Mkubwa, nilimrekebishia shuka tu. Mama yake Zuena ni jirani yetu hadi leo, na ndiye anayemtumia Mjomba uji wa mchele kwenye chupa kila mtu wa kwetu anapokwenda.

Kilichoharibu mambo ni sindano. Wanampa sindano ya kupunguza uvimbe upesi wakati dripu zinafanya kazi yake. Ilimwamsha kama maji kwenye mche. Mguu ukanyanyuka, njaa ikamshika, akawa anaomba ugali usiku na mchana. Mama na Baba walipokuja wakamkuta amekaa kitandani anamwambia Baba amezeeka ghafla, je, dada yake hamlishi? Walirudi Mtunda wanamshukuru Mungu, wakatangaza kwamba amepona. Daktari alikuwa ameniambia mapema nisidanganyike, kwamba sindano hii inatuliza tu, uvimbe ukingali pale pale. Wao hawakumuuliza, na mimi sikusema.

Walipokuja tena ilikuwa baada ya dripu ya pili. Mdomo wa Mjomba ulikuwa umejaa vidonda, hawezi kumeza hata maziwa, hana nguvu ya kumtania mtu. Mama alilia pale wodini. Sasa wanasema ndugu yao alikwishapona na hospitali ndiyo inayomuua. Bibi anataka awe nyumbani kabla ya Ramadhani kuandama. Baba ameshazungumza na mwenye gari la kumfuata.

Nimekuja nyumbani siku chache kuchukua nguo, Sista Wilhelmina akaniahidi vidonge atampa yeye mwenyewe. Ndipo nikakuta shauri hili. Nilijaribu, Mama Mkubwa. Jana jikoni nilimwambia Mama kuwa dawa hazijakwisha na zote zinategemeana. Akaniuliza zimebaki dawa gani na ni za nini. Nikainamia sufuria. Akasema, "Baiolojia yako ya kidato cha nne isiniulie ndugu yangu." Hakusema kwa ubaya, amechoka, hapati usingizi. Lakini sikuweza kuendelea bila kusema yote, na yote si yangu kuyasema.

Akirudishwa, dripu zitakoma. Vidonge navyo vitakoma, kwa sababu atalazwa chumbani kwa Bibi, na Bibi hufungua kila kifurushi kinachoingia mle. Mjomba mwenyewe ameniambia hatavimeza ndani ya nyumba hii. Hapo tutamwona ananawiri siku chache, kisha mguu utaanza tena, na safari hii hakuna atakayecheka.

Ijumaa baada ya swala watakupigia. Tangu Babu alipofariki neno lako ndilo la mwisho, hata Baba anasema hivyo, na gari halitaondoka kabla hujasema. Naomba useme Mjomba abaki mpaka madaktari wenyewe wamruhusu. Wakikuuliza sababu, usitaje vidonge wala usinitaje mimi. Sema wewe ndiye mkubwa na umeamua hivyo. Wataguna, lakini watatii. Na kama inawezekana, mwambie Mama aende kwa daktari aulize habari ya sindano, aelezwe hiyo peke yake. Hiyo haina siri.

Sitaki nikudanganye. Sijui kama ataishi. Siku niliyoondoka aliamka akaniita Zuena, na hapakuwa na mtu wa kucheka. Nikaitika. Akaniuliza kama mpunga umeshavunwa, nikamwambia umevunwa wote uko ndani. Akalala. Nilikaa pale nikawaza kwamba huenda tumechelewa, kwamba ile miezi tuliyocheka ndiyo aliyoihitaji. Lakini daktari anasema dripu mbili ni chache mno kujua lolote, na mimi nimeamua kushika hapo. Mtu asirudishwe nusu ya njia kwa sababu watu wake wanampenda.

Mimi nitarudi Dar Jumatano. Sijaamua la kufanya na maisha yangu. Sista Wilhelmina ananiambia niombe chuo cha uuguzi, kwamba mkono wangu hautetemeki. Namwona kama ananitia moyo tu, tutaongea mambo yakitulia.

Nisalimie Baba Mkubwa, na Dada Warda na wanawe, na umwambie shemeji Iddy kitenge alichomletea Bibi amekipenda, amekishona gauni. Bibi anakusalimu, ingawa hajui kama ninaandika. Mwenyezi Mungu akupe afya na akufikishe Ramadhani salama, na amfikishe Mjomba pia, hata kama ni kitandani hospitali.

Ukimaliza kusoma, barua hii itie motoni, usiiweke kwenye sanduku lako pamoja na nyingine. Usimwambie Baba Mkubwa, usimwambie Dada Warda. Mama yangu usimwambie kabisa, hata siku mtakapokuwa wawili tu na unamwona analia. Na Mjomba akikupigia, mtanie kama siku zote. Asisikie huruma mpya katika sauti yako, maana ataijua inakotoka, na hatanipa tena kopo nishike.

Ni mimi mwanao ninayekupenda sana,
Yasmin