Plastiki ya Gogo kwenye Kioo cha Kamera

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Mvua tangu saa nane. Kama jana. Nimefungua studio, nimefagia, nimekaa. Watu wa picha za kitambulisho tu. Hizo napiga kwa kamera ndogo, hata nikisinzia zinatoka.

Kamera kubwa iko pale pembeni kwa miguu yake mitatu, nimeifunika shuka. Mbao tupu na ngozi ya mikunjo. Ilikuwa ya misheni, wakaniuzia walipofunga. Shida yake sasa ni kioo cha nyuma, kile cha kulengea. Nikiingia chini ya kitambaa cheusi naona katikati kidogo, pembeni ni giza. Rael anasema si kioo, ni macho yangu. Labda. Mke wangu huyu nimechoka kubishana naye.

Kwaya moja niliwapiga mwezi uliopita, wote wametoka na ukungu. Mwalimu wao aliangalia picha, akazirudisha kwa bahasha, akasema asante. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 7 Agosti

Rael ametoka Boito kwa mama yake. Hospitali wamemrudisha mama nyumbani. Wamesema akae na watu wake. Tunajua maana yake. Rael hakulia. Alikaa jikoni akamenya viazi vyote vya ndoo, hata vya kesho.

Baada ya chakula akasema, "Baba Moraa, mpige mama kwa ile kubwa. Picha moja tu. Atoke yeye mwenyewe."

Najua kwa nini. Mama mkwe hana picha. Ana ile ya kitambulisho, ya ukubwa wa kidole gumba, na maji yaliingia. Akienda leo, hiyo ndiyo wataniletea niikuze ya kuweka juu ya jeneza. Nimekuza za wengi. Ukiikuza sana uso unapotea, inabaki madoa kama uji ulioganda. Watu wanalilia madoa. Sitaki kumfanyia huyu hivyo.

Nikasema sawa. Halafu nikaanza kuogopa. Nimeoa kwao miaka yote hii na sijawahi kumtazama mama huyu usoni. Kwetu Kisii ni hivyo, na kwao ni hivyo. Mkwe anasalimia kwa mbali, macho chini, hapeani mkono. Sisi wa kanisa tunasema mambo hayo yamepitwa, lakini hakuna anayeyaacha. Najua viatu vyake. Najua anavyokohoa. Pua yake siijui.

Na kioo changu ni giza.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo nimepata dawa. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kwa picha, akaweka plastiki yake ya kusomea Biblia juu ya kamera kubwa. Ile bapa, nyembamba, yenye mistari ya duara midogo sana. Ukiilaza kwa ukurasa, maandishi yanakuwa makubwa. Nikaichukua nikaishikilia kwenye kioo cha nyuma. Pembe zote zikawaka. 

Nikamwomba aniachie. Akacheka, akaitia mfukoni. Sina wa kumlaumu.

Nimeuliza maduka yote ya hapa Mogogosiek. Hakuna. Hizo huja na wageni wa kanisa, hazina duka.

Ijumaa, 9 Agosti

Rael alimwambia mama yake. Sikumtuma. Mama ametoa plastiki yake mwenyewe, imefungwa kwa leso. Ametuma neno: Zaburi anazijua kwa kichwa, na zile zingine binti yetu Moraa atamsomea gogo wake, ndivyo wanavyomwita bibi kwa lugha ya kwao.

Nimeona haya. Siwezi hata kwenda kumshukuru kama mtu.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeikata. Wembe, rula ya Moraa, meza ya jikoni. Ile nukta ya katikati ya duara lazima ikae katikati ya kioo, kwa hivyo nimekata pande zote. Vipande vilivyobaki Rael aliviokota, akaviweka kwa ile leso.

Nikafungua skrubu, nikatoa kioo. Nikaweka plastiki kwanza, ndani, upande wa lenzi, halafu kioo juu yake. Ndani haitachubuka. Nje ningeichubua nikiweka kile kioo changu cha kukuzia, cha kukagua kama picha ni kali. Niliona nimefikiria vizuri.

Nikaelekeza kamera nje. Nguo za jirani kwenye kamba, miguu juu kichwa chini kama kawaida ya kamera hii, na kila kibanio nakiona. Mpaka pembe. Nimefurahi. Ni muda mrefu sijafurahi na kazi.

Jumatatu, 12 Agosti

Boito, asubuhi, kabla ya mvua. Shemeji Kipkemoi, ndugu ya Rael, alinisaidia kubeba. Yeye ana ile kamera ndogo ya rangi kutoka Kericho. Alijaribu kumpiga mama nayo wiki iliyopita, taa ikamuumiza macho mama akakataa kabisa. Bado ananichokoza. "Shemeji, hii jeneza yako inabebwa na watu wangapi?" Mwingine angekasirika. Mimi nilikuwa napumua tu.

Tuliweka kiti mbele ya shamba la chai. Sikutaka kumlenga mama mwenyewe. Nilichukua fito, ile wachumaji hulaza juu ya majani wasichume chini ya mstari, nikaichomeka wima mbele ya kiti, pale uso wake utakuwa. Nikalenga fito. Ikawa kali kama sindano. Nikafunga kila kitu, nikatoa fito, ndipo Rael akamleta. Nilisimama kando ya kamera nikitazama viatu. Nilisema "Sasa" nikiangalia viatu. Alikaa bila kutingika, maskini. Alipoinuka nikasikia pumzi yake.

Ilikuwa na mawingu, nililazimika kufungua lenzi yote. Lakini fito ilikuwa kali. Nina hakika.

Jumanne, 13 Agosti

Imeharibika.

Uso ni ukungu. Mikono ukungu. Nyuma yake kila jani la chai unaweza kulihesabu. Nimempiga picha nzuri sana ya shamba.

Rael aliiangalia ikiwa bado na maji. Akauliza, "Alitingika?" Ningesema ndiyo ingekuwa rahisi. Nikasema hapana. Akatoka.

Kipkemoi amesikia. Amesema ile ya kitambulisho itatosha, tusimsumbue mama. Hakuwa na ubaya. Hiyo ndiyo iliniuma.

Sijala. Mama wa watu amenipa macho yake ya kusomea, nimeyakata kwa wembe, na sina kitu cha kumwonyesha.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimekaa na kamera siku mbili. Nilibandika gazeti ukutani, nikalenga, nikapiga. Filamu zake nimebaki na chache na Nairobi wameacha kuzileta, lakini ningefanya nini? Kwenye kioo, herufi kali. Kwenye filamu, ukungu.

Kwa hivyo si macho yangu. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Ni mimi na ujanja wangu. Kioo kinatakiwa kukaa mahali pale pale filamu inakaa. Mimi niliweka plastiki chini yake, kioo kikarudi nyuma kwa unene wa plastiki. Unene wa kucha. Macho yanalenga pale, filamu iko hapa. Ndiyo maana ikashika chai ya nyuma, ikamwacha mama.

Nimetoa zote. Kioo kimerudi mahali pake, ule upande wake uliokwaruzwa ukiangalia lenzi. Plastiki imekaa nje, upande wangu. Ikichubuka ichubuke. Vishikizo vya kioo havikufika juu ya plastiki, nimekata vingine kutoka mkebe wa maziwa. Gazeti tena. Filamu ikatoka, herufi nasoma mpaka matangazo ya mazishi.

Sikumwambia Rael kwa furaha. Nilimwambia tu iko tayari. Akasema mama hawezi tena kutoka nje.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimechoka sana. Naandika kidogo.

Mama amelazwa chumba cha ndani. Huko mkwe haingii. Walimbeba na kiti mpaka mlangoni mwa chumba, mimi na kamera tukabaki sebuleni. Mwanga wa dirisha moja. Rael alimzungushia shuka, akamwekea mto mgongoni.

Nilikuja na fito. Nikaichomeka kwa mkebe wa mchanga, nikalenga, nikaitoa. Mama akateleza kidogo kwenye mto. Rael akamwinua. Akateleza upande ule mwingine. Fito haina kazi kwa mtu asiyeweza kukaa wima. Kwa mwanga ule, lenzi ikiwa wazi yote, akisogea upana wa mkono nimempoteza tena.

Rael akanisogelea, akasema polepole, "Baba Moraa. Lenga macho yake."

Kipkemoi alikuwa kwenye mlango wa nje. Akageuka akatazama nje. Nitamshukuru kwa hilo.

Nikaingia chini ya kitambaa. Huko ndani hakuna anayekuona. Nikamtazama mama mkwe wangu. Amepinduka, kichwa chini, lakini anang'aa mpaka pembeni. Ana pua ya Moraa. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Macho yalikuwa wazi na yalikuwa yananitazama, moja kwa moja kwenye lenzi, hayakuinama. Nilidhani atainama. Mimi ndiye nilitaka kuinama.

Nilizungusha mpaka nikaona kope. Nilikuwa nalia chini ya kitambaa, na ilibidi nipanguse ndipo nione.

Nikapiga moja. Sikutaka kumwomba nyingine.

Jumatatu, 19 Agosti

Imetoka.

Chumba cha giza, sahani ya dawa, uso ukaja polepole. Macho kwanza. Kope zote. Kovu. Mto nyuma ni ukungu kama inavyotakiwa. Ni yeye mwenyewe. Nimechapa kubwa, karatasi ya mwisho nzuri niliyokuwa nayo.

Rael aliishika kwa ncha za vidole. Akalia sasa. Nilimwacha alie, nikaenda kuosha sahani.

Jumanne, 20 Agosti

Rael alimpelekea.  Mama aliishika picha, akaileta karibu, akaipeleka mbali. Haoni. Anaona kuna mtu, hajui ni nani. Aliuliza plastiki yake iko wapi.

Rael hakuniomba kitu. Alinipa habari tu, akawasha jiko.

Alhamisi, 22 Agosti

Nilifungua vishikizo asubuhi. Plastiki imechubuka kidogo pembeni, katikati ni nzima. Nimeiosha kwa sabuni, nimeifunga kwa ile leso pamoja na vipande vyake, sijui kwa nini na vipande. Kioo kimerudi giza. Kuna harusi mwezi ujao waliitaka kamera kubwa. Nitawaambia watafute Kericho.

Tulienda Boito pamoja. Mimi nilibaki nje, kwa ukuta, chini ya dirisha la chumba chake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye chai.  Rael aliniambia baadaye mama alikuwa anaisogeza plastiki juu ya picha, kutoka paji la uso mpaka kidevu, halafu anaanza tena.

Halafu nikasikia sauti yake, ile ninayoijua. "Mwambie Baba Moraa amenitazama vizuri."

Rael akatoka, akaja mpaka pale ukutani, akaniambia. Nilikuwa nimesikia. Nikamwacha aniambie.