Maelezo ya Mwamvita Hamduni kuhusu mtoto Gati aliyewekwa kabatini

KITUO CHA POLISI BUNDA
Tarehe 31/3/2026, saa 4:15 asubuhi

Jina: Mwamvita Hamduni. Umri: miaka 25. Dini: Muislamu. Elimu: kidato cha pili. Kazi: nilikuwa mfanya usafi wa shule, kwa sasa sina. Makazi: Makoko, Musoma, kwa dada yangu.

Afande, kwanza naomba radhi kwa kuchelewa. Ilipaswa nije wiki ileile. Nina mtoto wa miezi minane, na mwanangu mkubwa, Samia, alikuwa anasoma bure darasa la pili hukohuko nilikokuwa nafanya kazi, shule ya bweni ya Kiingereza hapa Bunda. Ilibidi kwanza nipate pa kumpeleka.

Mwalimu Bernado ndiye alikuwa anafundisha Kiingereza darasa la pili. Vile vineno vya mahali, in, on, under, viliwasumbua sana watoto. Sisi tukisema mezani tumemaliza. Mzungu anataka ajue ni juu, ni chini au ni pembeni. Mwalimu akaweka utaratibu wake: mtoto akikosea neno, anakaa mahali pa neno hilo mpaka alipatie. Under ilikuwa chini ya meza. In ilikuwa ndani ya kabati la vitabu. Humo ndani ukiongea Kiswahili unaanza upya. Watoto walikuwaga wanacheka. Hata mimi nilijifunza nikipiga deki, na mwalimu akinikuta alikuwa ananiuliza kwa Kiingereza ufagio uko wapi. Nikipatia, ananipigia makofi. Sijaja hapa kusema ni mtu mbaya.

Mnamo Alhamisi tarehe 12/3/2026, kama saa nne kasoro, nilikuwa napiga deki nje ya darasa hilo. Nilimsikia Gati, mtoto wa miaka saba, kwao Buswahili, akiulizwa mayai ya kwenye picha yako wapi. Akasema "on the basket." Akarudia vilevile. Mwalimu akamwambia aingie kabatini. Niliona kwa dirisha akiingia mwenyewe, mlango ukarudishiwa. Hapohapo mwalimu mkuu, Mwalimu Eliasi, akamwita Mwalimu Bernado ofisini, kuna wageni. Kengele ya uji ikalia. Baada ya uji darasa lote likapelekwa ukumbini kuwaimbia wageni.

Kwenye uji Gati sikumwona. Nilimuuliza matroni, akasema labda yuko bwenini, asubuhi alilalamika tumbo. Nikaamini.

Saa nane mchana Samia alinikuta naosha vikombe. Akasema, "Mama, Gati bado yuko kwenye in." Nikaacha bomba linamwaga, nikakimbia.

Komeo lilikuwa limejifunga kwa nje. Gati alikuwa amekaa magoti kifuani, amelowa jasho, amejikojolea, anapumua kwa shida. Halii. Midomo tu inacheza, "in the basket, in the basket." Nilimuuliza, mwanangu, mbona hukuita? Akasema, "Nilisahau kuita kwa Kiingereza."

Nilimbeba mbele, mdogo wake Samia yuko mgongoni, tukaenda hivyo mpaka hospitali.

Jioni Mwalimu Eliasi alinifuata huko. Alinitaka niseme watoto walikuwa wanacheza kombolela, Gati akajificha. Akanikumbusha kuwa Samia anasoma kwa hisani yake. Mwalimu Bernado alikuwa nyuma yake anaangalia chini. Alisema neno moja tu, "Nilipitiwa." Namwamini. Lakini kombolela haikuwepo.

Juzi Jumapili nilienda Buswahili kumwona Gati. Bibi yake anayemlea ameambiwa na shule hayohayo ya kombolela. Alisema, "Huyu mtundu, Mama Samia, alitaka kuniua kwa presha. Nimemchapa." Nilimkatalia, akasema shule ndiyo inajua. Gati alikuwepo anasikia. Hasemi kitu, hata kwa lugha ya kwao. Akilala anataka mlango uachwe wazi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, sijaongeza. Shuleni sirudi. Naomba mtusaidie tutumiwe vitu vilivyobaki. Vya Samia vije Makoko: cheti cha kuzaliwa, barua ya uhamisho, sweta, na kitabu chake cha Kiingereza, maana kusoma ataendelea. Vya Gati viende Buswahili: tranka, godoro, ndoo, viatu vyeusi. Na karatasi moja yenye mhuri wa shule, kwa Kiswahili, imwambie bibi yake kwamba Gati hakujificha, aliwekwa.

Sahihi: M. Hamduni

Nimeandika mimi, WP Koplo Consolata. Tulisimama mara moja mtoto anyonyeshwe. Shahidi amesomewa, amekubali, amesaini mbele yangu saa 5:40 asubuhi.