Fundi Muashi Aingia Jikoni

9 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiisoma umesimama utaanza kutafuta kazi ya kufanya kabla hujafika nusu. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako, ambaye tunamwita Meneja kwa sababu hafanyi kazi yoyote ila anaitisha mikutano saa yoyote anayotaka, ameanza kukaa bila kushikwa. Anakaa, anatazama kushoto, anaangukia kulia.

Kondakta wa basi aliyeleta mzigo wako ameniambia umekonda. "Dada, mzee amebaki kofia tu." Nilicheka mbele yake. Alipoondoka sikucheka tena. Baba, unakula nini? Tangu tumzike mama sijawahi kukuuliza waziwazi, na simu yako haipatikani tangu uitumbukize kwenye ndoo ya saruji. Sasa nakuuliza kwa maandishi, huwezi kusingizia mtandao.

Mvua zimeanza. Sokoni majani ya kunde ni machanga, laini kama kitambaa cha bitana. Nayapika hivi: nakaanga kitunguu, natia nyanya mpaka zirojeke, natia majani, nafunika kidogo tu, halafu karanga zilizosagwa. Baba Meneja yuko safarini na lori lake, kwa hiyo tunakula wawili, na mmoja wetu hana meno.

Niandikie ukweli.

Mwanao


20 Machi

Mama,

Marahaba, na marahaba nyingine ya Meneja mpaka atakapojifunza kuamkia mwenyewe. Mimi ni mzima, miguu ni mizima, paa halivuji. Huyo kondakta mwambie ahesabu abiria, asihesabu mbavu zangu.

Umetaka ukweli. Asubuhi nakula chai na mkate. Jioni nabadilisha, naanza na mkate ndipo chai. Siku nyingine nachemsha viazi kwenye jiko la mkaa hapa barazani.

Najua utauliza kwa nini barazani, wakati chumba cha jikoni nilimjengea mama yako kwa mikono yangu. Mlango ule nimeufunga tangu watu wa msiba watawanyike. Siogopi. Ila nikishika kitasa naona kama nitamkatiza. Unakumbuka alivyokuwa hapendi kuingiliwa akipika, alivyonikimbiza na mwiko. Basi naachia kitasa, narudi barazani.

Usilie. Ulitaka ukweli, nami nimekupa.

Hayo majani ya kunde nimejaribu. Nilianza na karanga. Limetoka zege safi kabisa, ningeweza kujengea msingi. Nimelila hivyohivyo, fundi hamwagi zege.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sikulia. Nilikuwa nakata kitunguu.

Karanga ni mwisho, baba. Wewe hupaki rangi kabla ya plasta, au siku hizi mnajenga hivyo?

Habari ya mlango sitakuambia ufungue wala usifungue. Ila jambo moja hulijui. Siku ile alipokukimbiza na mwiko ulikuwa umedokoa nyama. Mimi nilikuwa chini natwanga kitunguu saumu, nikamwona ulipotoka. Alicheka peke yake mpaka akashika meza, halafu akachagua finyango kubwa akakuwekea pembeni. Hakuwa mtu wa kukukataza jikoni. Alikuwa mtu wa kulinda nyama.

Meneja ameanza uji. Nusu unaingia tumboni, nusu anaupaka ukutani kwa kiganja, anarudia mpaka pawe sawa. Baba Meneja alipita hapa siku mbili, akasema damu ya uashi hiyo, haitoki kwao.

Majani ya maboga sasa yamejaa. Menya zile nyuzi za kwenye vikonyo, la sivyo utadhani unakula kamba. Kata, chemsha kidogo, unga na kitunguu na nyanya. Karanga mwisho!

Mwanao


24 Aprili

Mama,

Marahaba. Hapa kwangu salama, na leo nina habari.

Juzi nilikuwa barazani namenya hizo nyuzi zako, kazi ya watu wenye kucha. Nikabandika sufuria. Mara mvua ikaja ya kulala, siyo ya kusimama, ikapiga jiko la mkaa ikalizima. Nikanyakua sufuria, nikakimbia. Nilikokimbilia sikufikiri. Nilitia ufunguo, nikasukuma kwa bega, nikajikuta ndani, nimekumbatia sufuria kama mwizi wa mboga. Ndipo nikasema "Hodi." Niko ndani tayari, nasema hodi!

Mama, hakuna aliyenikatalia. Palikuwa na buibui, na panya amekula kona ya gunia, na vikopo vya mama yako vimejipanga kwa urefu kama watoto wa shule. Nilikaa kwenye kigoda chake muda. Nililia, sitakuficha, na hapakuwa na kitunguu. Halafu njaa ikaniuma. Nikawasha moto, nikapika na mlango wazi.

Nilikula sahani mbili. Yule jirani yangu seremala alifuata harufu mpaka mlangoni, na kijiko alikuwa nacho mfukoni. Mtu anatembea na kijiko mfukoni tangu mkewe amwache. Nimeziba ufa wa bomba la moshi, nimepaka chokaa, panya nimempa notisi.

Nitumie kitu kingine cha kupika.

Baba yako


3 Julai

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Nisamehe nimekaa muda mrefu bila kuandika.

Mahindi mabichi yamejaa sokoni. Chemsha na chumvi kidogo. Ukitaka pukuchua, changanya na maharage mapya, unga.

Meneja ameota meno, hali sana. Baba Meneja bado yuko njiani, lori liliharibika. Nimerudi kwenye cherehani, nguo za wateja ni nyingi kidogo.

Mwanao


5 Julai

Mama,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma barazani, nikaisoma tena jikoni, halafu nikampa seremala. Naye kaona nilichoona: haina hata utani mmoja. Wewe hata mama yako alipokuwa kitandani ulikuwa unatutania sote. "Hali sana" ndiyo nini? Sana kiasi gani?

Kondakta anakuletea hii leo ili usishtuke kesho ukiona mzee mlangoni na boga begani. Usifagie. Usipike. Usiazime kiti kwa mtu.

Baba yako


18 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia umerudi kwako salama, na kwamba kondakta amekiri umenenepa.

Haya nilitaka kukuambia ukiwa hapa, nikashindwa. Kila nikifungua mdomo wewe unaniuliza chumvi iko wapi.

Siku ile unabisha hodi nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni, uji umemwagika, Meneja analia na mimi nalia. Muuguzi wa kliniki alikuwa ameniambia uzito umeshuka tena. Alisema kwa upole, lakini mimi nilisikia kama amesema, "Wewe mama unamnyima mtoto chakula." Nami nilikuwa napika tangu asubuhi! Viazi, ndizi, mayai, kila kilichokuwa sokoni. Nikisogeza kijiko anafunga mdomo kama karani anayefunga dirisha. Nikaanza kuogopa saa za kula. Na nikaona haya kukuandikia, mimi niliyekuwa nakufundisha kupika.

Wewe hukuuliza kitu. Ulitua boga, ukasema, "Huyu ndiye Meneja? Mbona ofisi imelowa?" Ukamchukua, ukanionyesha kitanda kwa kidevu.

Nilipoamka sikusikia mtoto akilia, nikakimbia nikijua kuna jambo. Nikakukuta umekaa mkekani, umempa Meneja mgongo, unakula boga la kuchemsha peke yako. Unakula kwa kelele, baba, mama angekufukuza. "Mmh! Tamu hili. Bahati yangu niko peke yangu." Meneja nyuma yako amekunja uso. Akatambaa, akapanda goti lako, akakuvuta mkono. Ukamwambia, "Ombi lako limepokelewa, linashughulikiwa," ukaendelea kutafuna. Akakuvuta tena, kwa nguvu. Ndipo ukampa kidogo kwa kidole, bila kumtazama. Akameza. Akataka tena.

Nilisimama pale mlangoni nikihesabu anavyomeza. 

Basi amekuwa hivyo mpaka leo. Mimi nakula zangu, yeye anakuja kudai haki yake. Jana tulikwenda kliniki, muuguzi akapima, akapima tena, akasema, "Mama, huyu umemlisha mawe?" Nilimwambia amelishwa na muashi.

Baba Meneja bado hajatulia tangu akukute umefunga aproni yangu. Anasema amezaliwa na kukua hajawahi kupakuliwa chakula na baba mkwe, hakujua asimame au apige magoti.

Sasa nisikilize. Chumba cha nyuma tumekiondolea vitambaa vyangu vyote. Kina dirisha, jua la asubuhi linaingia. Njoo ukae nasi, baba. Siyo kwa wiki. Uhamie.

Mwanao


29 Agosti

Mama,

Marahaba, mama, marahaba sana. Barua yako nimeiweka penye vikopo.

Uliniuliza siku ile nilijuaje kumpa mtoto mgongo. Sikujua. Ila baada ya msiba kila aliyekuja alinipakulia, akakaa mbele yangu, akanitazama kama nitameza. Watu wema wote. Chakula kilinikwama hapa kooni. Nilipomwona Meneja na kijiko na uji uliomwagika mbele yake, na wewe umemkodolea macho mekundu, nikasema huyu ni mwenzangu.

Habari ya kuhamia, hapana, na usinune. Zamani ningekataa kwa sababu ya kumlinda marehemu. Sasa nakataa kwa sababu nina watu. Seremala anakuja kila Jumapili, na amemleta shemeji yake aliyestaafu udereva, naye anajua kuchemsha maji tu, tena kwa mashaka. Wamekaa hapa na madaftari kama wanafunzi. Nikiondoka watu wazima wawili watarudi kwenye mkate. Lakini chumba usikijaze tena vitambaa. Mvua zikianza nakuja nikae mpaka kunde zikomae, na kiangazi mtakuja ninyi, Meneja akague kazi zangu.

Na jambo moja, mama. Mtoto akikataa kula, uandike "mtoto amekataa kula." Ukichoka, uandike "nimechoka." Usiniandikie mahindi.

Nilitaka kukueleza na viazi vitamu vya safari hii, vilivyo vya rangi ya machungwa, lakini seremala nilimwachia maharage akoroge na sasa ananiita kutoka jikoni: "Fundi, yakiwa meusi ndiyo yameiva?"

Ngoja nikimbie.

Baba yako