Tiki Yako Kwenye Gilasi Nyekundu

Mwalimu,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu ni wewe uliyenifunza kwamba mvulana asiposhikwa na mstari wa kwanza, wa pili hatausoma.

Kile kijitabu cha mazishi yako kilisema kwamba ulituacha "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Kilisomwa pale nyumbani kwako Kiamunyi, kwenye hema, na watu wote wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma karibu na sufuria za wali, na nilitaka kupaza sauti niulize, muda mfupi upi? Kutoka mvua za Aprili mpaka Desemba? Katika muda huo ng'ombe wa jirani yako alizaa, na ndama akaanza kula nyasi za ua wako. Lakini nilichukua sahani. Nikala wali kama watu wengine.

Unakumbuka siku uliyonipata? Nilikuwa juu ya ngazi pale mtaa wa Free Area, nachora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha. Ukasimama na baiskeli yako ukaniuliza, "Msichana, huyu ng'ombe wa bucha anacheka nini?" Nikakujibu bila kugeuka, "Anacheka kwa sababu bado hajaambiwa." Ulicheka mpaka ukashika ukuta na shati likapata rangi. Jumatatu iliyofuata nilikuwa mezani kwako, nachora vidole vya miguu vinavyonuka kwa ajili ya mfululizo wako wa vitabu, *Kitabu cha Wavulana Wasiotulia*. Hukuniita Chebet tena. Ukaniita Msanii, hata mbele ya mama yangu.

Ulikuwa umefundisha darasa la tano mpaka ukastaafu, na ulikuwa na neno lako moja, kwamba wavulana hawachukii kusoma, wanachukia kuhubiriwa. Basi ukawapa ushuzi na kamasi. Ukawapa jinsi ya kushona mpira wa makaratasi usiofumuka, jinsi ya kuunda gari la waya lenye usukani, na sababu ya kiboko kutawanya mavi kwa mkia. Wazazi wengine walilalamika. Wana wao walikuwa wanasomea chini ya dawati.

Na ulikuwa na sheria yako. Hakuna ukurasa unaokwenda kwa mchapishaji kabla sisi wenyewe hatujaujaribu. Ulikuwa unaniletea karatasi ya penseli, kila jaribio lina tiki yako kando na neno "Nimejaribu". Mimi nachora kwa wino juu yake, kisha nafuta penseli kwa raba. Ulipoandika kuhusu heroe wa ziwani, ulisimama uani kwa mguu mmoja huku nikishika saa, na Mama Wambui, mke wako, akichungulia dirishani. "Mzee ataanguka avunje kiuno halafu mseme ni sayansi," akasema. Ulianguka kweli, juu ya kuku. Ukaamka ukaandika, "Heroe hachoki. Mwalimu amechoka."

Ukurasa wa kumi na saba wa kitabu cha tatu ndio ulionileta hapa.

Upande wa kushoto, heroe, na maelezo kwamba wekundu wake unatokana na chakula anachokula majini. Upande wa kulia, gilasi sita za mkojo, kutoka ule mweupe kama maji mpaka ule wa rangi ya chai ya turungi, msomaji aweke tiki kwenye gilasi inayofanana na yake leo. Ya tano ilikuwa nyekundu. Chini yake umeandika kwa mwandiko wako uleule wa ubaoni, "Mkojo mwekundu? Usiogope. Jana ulikula bitiruti."

Tiki yako ilikuwa kwenye gilasi ya tano.

Nilikuuliza, Mwalimu. Usiseme sikukuuliza. Nilisema, "Hii tiki ni ya ukweli ama unanicheza?" Ukacheka, ukagonga karatasi kwa kidole. "Msanii, si usome hapo chini. Ni bitiruti." Nami nikacheka. Nikachora gilasi yako nzuri kabisa, nikaipa macho na meno, kisha nikachukua raba nikakufuta.

Hiyo ilikuwa Aprili. Novemba nilikuja kukuona wodini. Daktari alikuwa na faili mkononi, akakuuliza damu kwenye mkojo ilianza lini. Ukamtazama bila kupepesa jicho, ukamwambia, "Wiki mbili hivi." Mimi nilikuwa nimeshika chupa yako ya uji. Niliporudi nyumbani nilitoa karatasi ile kwenye droo, nikailaza dirishani upande wa mwanga. Penseli yako ilikuwa imekandamiza. Raba haikuwa imemaliza kila kitu.

Ungeniambia. Hiyo ndiyo hasira yangu yote, ungeniambia. Ulikuwa mtu wa kuwaambia watoto wa watu mambo ambayo hakuna mtu mwingine angewaambia. Uliwaandikia kwamba kulia hakumwoteshi mtu mkia. Uliwacheka wazee wanaojisifu kwamba jandoni hawakupepesa jicho, ukasema kisu kilipita kitambo lakini wao bado wamekaza uso. Kumbe na wewe ulikuwa umekaza uso, umefunika na kicheko. Wavulana wote wa Lanet mpaka Njoro walikuwa na wewe wa kuwaambia, na wewe hukujipa hata mtu mmoja wa kumwambia.

Mwezi baada ya kukuzika, mhariri alinipigia kutoka Nairobi. Kitabu cha tatu kinachapishwa upya, tubadilishe jalada tu, tuongeze neno marehemu mbele ya jina lako. Nikamwambia ukurasa wa kumi na saba lazima ubadilike. Hauwezi kumwambia mtoto asiogope halafu ukaishia hapo. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwongelesha mfiwa, kwamba maneno ya marehemu hayaguswi mpaka familia ikubali.

Familia ni Mama Wambui. Na kumwomba ruhusa maana yake nimweleze sababu, na sababu ni ile tiki. Wiki tatu sikuenda, Mwalimu. Nilikuwa napita barabara ya mbali nisikutane naye sokoni. Niliogopa ataniuliza swali moja tu, "Wewe ulijua?" Mstari mpya ulikuwa tayari umekaa mezani kwangu: "Kama hukula bitiruti, mwambie mtu mzima leo. Hata kama ulikula, ukiuona tena kesho, mwambie. Usingoje uchungu." Na chini yake kisanduku kidogo: "Nimemwambia ________."

Nilikuwa najiandaa kuutuma ukurasa kwa mhariri nimdanganye kwamba familia imekubali. Kisha nikaona kile kisanduku kitupu, na sheria yako ikanisimamia kichwani. Tumejaribu? Nikatupa kalamu. Hata ukiwa kaburini unasahihisha kazi.

Jumamosi nikaenda. Mama Wambui alinikaribisha chai, nikamwambia kabla sijaketi. Nikamwonyesha karatasi pale dirishani kwake. Nikamwambia, "Mama, aliniambia Aprili. Mimi nikacheka, nikafuta."

Aliigusa ile alama kwa kidole. Kisha akasema, "Kuja."

Akanipeleka nyuma ya jikoni. Kule kuna mstari mrefu wa bitiruti, majani yamekuwa makubwa kupita kiasi, hakuna aliyezivuna tangu uende. Akasema, "Tangu anioe huyo mzee hajawahi kula bitiruti. Alikuwa anasema inanuka mchanga. Aprili iliyopita akaanza kuleta kutoka soko. Kila siku bitiruti. Baadaye akaniambia nipande. Nikasema asante Mungu, mzee ameanza kuongeza damu." Akachuma jani moja, akaligeuza. "Suruali ikiwa na alama ananiambia ni bitiruti. Mimi nafua. Na jioni nampikia ingine."

Mwalimu, nilidhani ulitudanganya sisi. Sasa najua ulikuwa unakula bitiruti kila siku ili wewe mwenyewe usije ukajua. Ulipata jambo la kweli la kuchekesha ukajificha nyuma yake. Ungeacha siku mbili tu, ungeona mkojo bado ni mwekundu. Ndiyo maana hukuacha.

Sijui nikukasirikie zaidi au nikulilie. Siku ile nilifanya yote mawili.

Mama Wambui alichukua jembe akang'oa mstari wote. Mimi nilikuwa naokota. Hakulia, alikuwa anahema tu, na kila anapong'oa moja anasema, "Na hii." Tulimrushia ng'ombe wa jirani juu ya ua, yule yule, na akala zote. Kesho yake jirani alipiga simu kuuliza mbona ng'ombe wake anakojoa nyekundu. Mama Wambui alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga, na hapo ndipo machozi yakaja. Ungelipenda jambo hilo. Ungeliweka kitabuni.

Aliponisindikiza langoni aliniambia, "Badilisha hiyo ukurasa. Lakini tiki yake usifute tena. Iache hapo, watoto waone pia mwalimu alikuwa na yake."

Basi ndivyo itakavyotoka. Gilasi ya tano ina tiki ya penseli, mwandiko wako, nimeifuatisha pale ulipokandamiza. Karibu nayo nimechora ng'ombe wa bucha, yule wa siku ya kwanza. Hacheki tena, ameinamisha sikio. Na kwenye kisanduku cha mfano, pale palipoandikwa "Nimemwambia", nimejaza kwa mkono wangu: Mama Wambui.

Mwalimu, sikusamehe leo. Labda kitabu kikitoka. Nakuahidi mtu akiniambia jambo huku anacheka, nitamuuliza mara ya pili, na ya tatu, mpaka anione mjinga. Ukurasa wa kumi na saba nimeujaribu.

Lala. Hakuna anayekuuliza kitu tena.

Msanii wako,
Chebet